Tusikatalie batoto hesabu

Mu kambi na mu cité, mtoto akileta swali ya nombres premiers ku nyumba, bazazi mingi banamujibu: « Ile namba itatuletea unga? » Bandugu, tuache ile jibu.

Namba tasa njo ile haigawanyiki ila na 1 na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11. Nafasi kati yao hazilingani. Toka 11 mpaka 13 ni hatua 2 tu. Toka 89 mpaka 97 ni hatua 8. Toka 113 mpaka 127 ni hatua 14, na njiani hakuna hata moja. Nafasi ikishinda zote za nyuma yake, ni rekodi. Rekodi ya kufuata iko mbali: 523 mpaka 541, hatua 18. Bertil Nyman, mutu wa Uswidi, alipata na ordinatere nafasi ya hatua 1550, kisha namba moja ya tarakimu 20. Na Euclide alishaonyesha, zaidi ya miaka 2000 imepita, kama namba tasa haziishi. Nafasi ikuwe murefu namna gani, ingine iko mbele.

Musiseme ni mambo ya Bazungu. Mu 1950, mjiolojia Mubelgiji Jean de Heinzelin alitosha mufupa mu udongo wa Ishango, kando ya Ziwa Edouard, hapa hapa Congo. Uko na miaka karibu 20 000. Mu mustari moja kuko mikato 11, 13, 17 na 19: namba tasa zote za kati ya 10 na 20. Bamoja banasema ni bahati tu, bengine banasema walikuwa wanahesabu mwezi. Lakini mutu wa inchi hii alihesabu, akaandika. Leo ule mufupa uko Bruxelles.

Faida yake kwetu njo hii. Creuseur anapandisha mifuko toka mu shimo. Ku depo, négociant njo anashika mizani na Metorex. Yeye njo anataja kilo, anataja teneur, anataja bei. Jasho ni yako, hesabu ni yake.

Namba tasa haikubali ile. Kusema 127 ni tasa, lazima ugawanye na 2, na 3, na 5, na 7, na 11, uone kama inakataa zote. Hakuna patron, hakuna mwalimu, anaweza kuifanya kweli na mdomo tu. Mtoto anajifunza kuuliza: « Umefika pale namna gani? Nionyeshe. »

Basi leo mangaribi, kisha bukari, mukae na mtoto. Aandike toka 113 mpaka 127, mugawanye moja moja. Mutu mwenye kuzoea kazi ile hatasaini karatasi ya mushahara mbele ya kuihesabu yeye mwenyewe.