Msimpe Ike Kazi ya Tina

Leo sina mapishi wala sina habari za liwa. Nina hasira, na nitazimwaga hapa hapa.

Ijumaa iliyopita baada ya Isha walikaa kibarazani kwetu shemeji zangu na wenzao, watu wazima wenye mvi zao, wanabishana. Wiki nyengine huwa mpira, safari hii ilikuwa muziki wa ujanani mwao: baina ya 1980 na 1984, albamu gani ndiyo baba lao? Mmoja akasema Thriller ya Michael Jackson, na mjadala ufungwe. Mwengine akaapa kwa Purple Rain ya Prince. Wa tatu, aliyewahi kufanya kazi melini, aking'ang'ania Born in the U.S.A. ya Bruce Springsteen. Mwenzenu nimeingia na birika la kahawa na sahani ya kashata, nikashindwa kunyamaza. "Na Private Dancer ya Tina Turner je?"

Kicheko! Halafu nikapewa sababu mbili. Ya kwanza, ati nyimbo za mle hakuzitunga mwenyewe. Ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi: ati Tina ni kazi ya mumewe. Ike Turner ndiye aliyemwokota, akampa jina, akamfunza jukwaa, kwa hivyo hata alichokifanya baada ya kuachana kina mkono wa Ike ndani yake.

Najua wapo watakaoniambia nyimbo za kizungu si mada ya mahala hapa. Anayejiepusha na muziki simgombezi, na Tina mwenyewe hakuwa wa dini yetu, alikuwa Mbudha. Lakini maneno yale hayakuwa ya muziki tu. Kila mmoja wetu ameyasikia yakisemwa juu ya mwanamke anayemjua.

Tuanze na hilo la utunzi, maana ni jepesi. Thriller, hiyo waliyoivalisha taji, ina nyimbo 9. Michael katunga 4. Wimbo wenyewe ulioipa albamu jina lake aliutunga Rod Temperton, Muingereza, na mle ndani ana nyimbo nyengine 2. Mbona hakuna aliyesema albamu ile si ya Michael? Na sisi watu wa taarabu tangu lini tukamuuliza mwimbaji kama maneno kayaandika yeye? Mshairi huandika, mwengine akatia sauti, na anayeimba tukampa haki yake kwa namna alivyoyapa uhai yale maneno. Isitoshe, Tina kutunga alikuwa anajua. Nutbush City Limits, wimbo wa 1973 unaotaja kijiji chake cha Tennessee, ni wa mkono wake.

Sasa tuje kwa Ike.

Kweli, jina alimpa yeye. Bibi huyu alizaliwa 1939 akaitwa Anna Mae Bullock. Ike akamwita Tina Turner, kisha akalisajili jina lile liwe mali yake, ili siku bibi akiondoka amtafute mwengine amvishe jina hilo hilo na shoo iendelee. Hiyo ndiyo zawadi inayosifiwa vibarazani! Miaka zaidi ya 10 wameimba pamoja, na kipigo nyumbani. Julai 1976, wakiwa Dallas, mwanamke akatoka hotelini akavuka barabara ya magari mbio, na kwa maneno yake mwenyewe, mfukoni alikuwa na senti 36 na kadi ya mafuta ya gari.

Talaka ilipokamilika 1978, hakudai nyumba. Alidai abaki na lile jina alilofanyia kazi. Juu yake akabebeshwa madeni ya maonyesho yaliyovunjika kwa sababu aliondoka. Shoga, umeifahamu hesabu hiyo? Mume kabaki na studio, mke kaondoka na jina na madeni, na leo kuna mtu anakula kashata zangu akiniambia faida bado ni ya mume.

Miaka iliyofuata ndiyo ile ambayo mashabiki wa kibarazani hawaijui, au hawataki kuijua. Alitoa albamu ya 1978 ikaanguka, ya 1979 ikaanguka. Akaimba kwenye kumbi za mahoteli, akajitokeza kwenye michezo ya chemshabongo ya televisheni ili alipe madeni. Makampuni yalimuona mama wa miaka arubaini na kitu ambaye wakati wake umepita. Jiulizeni huyo Ike aliyekuwa na mkono alikuwa wapi. Wala yeye hakupata tena wimbo wa kushika dunia baada ya Tina kuondoka. Kama ufundi wote ulikuwa wake, mbona hakumtengeneza Tina wa pili?

Mwishoni mwa 1983 Tina akaurudia wimbo wa Al Green, Let's Stay Together, ukaingia kumi bora Uingereza. Hapo ndipo kampuni ikataka albamu upesi upesi. Ikarekodiwa London kwa wiki chache, kwa watayarishaji tafauti tafauti, na nyimbo kutoka huku na huku. Ule wimbo wa albamu yenyewe aliutunga Mark Knopfler wa Dire Straits. What's Love Got to Do with It waliutunga Terry Britten na Graham Lyle, na Tina mara ya kwanza hakuupenda hata kidogo. Sikilizeni alivyouimba. Hapigi kelele kama zamani, sauti kaishusha, kavu, ya mtu aliyeyaona. Msichana wa miaka 20 angeuimba kwa kudeka. Yeye alikuwa na miaka 44 ulipofika namba 1 Marekani, Septemba 1984.

Albamu ilitoka mwezi wa Mei mwaka ule. Ikauza zaidi ya nakala milioni 5 Marekani peke yake. Kwenye tuzo za Grammy za 1985 alibeba tatu, ikiwemo ile ya rekodi bora ya mwaka. Tuzo ya albamu bora aliichukua Lionel Richie, ambaye Tina ndiye aliyekuwa akimfungulia jukwaa katika ziara ya 1984. Na katika albamu 5 zilizoshindania tuzo hiyo zilikuwemo Purple Rain, Born in the U.S.A. na She's So Unusual ya Cyndi Lauper. Yaani waliokuwepo wakati ule waliiweka Private Dancer meza moja na hizo hizo mnazozipigania. Nyinyi ndio mlioitoa baadaye.

Sisemi kwamba ni lazima iwe ya kwanza. Mie mwenyewe nikibanwa nitakubali Thriller haina wimbo wa kuruka, na Private Dancer inazo mbili tatu ambazo sinthi zake zimezeeka vibaya. Ikatae kwa hilo, tutabishana mpaka alfajiri na kahawa nitaongeza. Lakini ukiikata kwa sababu mwanamke huyo aliwahi kuwa mke wa mtu, hapo muziki hujauzungumza. Umezungumza habari ya jirani yangu aliyerudi kwao na watoto watatu na sanduku la nguo, akaanza na maandazi ya alfajiri, leo ana mgahawa na wafanyakazi, na watu bado wanasema, "Yule si aliyefunzwa biashara na mumewe." Mume mwenyewe hata unga hajawahi kununua! Dini imempa mwanamke mali yake aliyoichuma, haikusema isipokuwa mume wa zamani akumbukwe kwanza.

Shemeji mkubwa alinijibu kwamba mimi nachanganya mambo, na kwamba bila Ike hakuna ambaye angemsikia Anna Mae. Huenda. Nikamuuliza, naye fundi aliyemfunza useremala akiwa mdogo, je, anampelekea nusu ya bei ya kila kitanda anachokiuza leo? Akaomba kahawa nyengine. Nimempa, na jibu lake bado nalisubiri.