Mbunge wa Blackburn na maiti za Hola

Machi 3, 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, Kenya, watu 11 waliokuwa kizuizini walipigwa na askari hadi wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Maji! Katika jua lile la Tana River, eti maji ndiyo yaliyoua.

Miongoni mwa waliokataa kuyameza maelezo hayo alikuwa mwanamke mmoja mwenye nywele nyekundu, mbunge wa Blackburn, mji wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza. Barbara Castle hakuwa waziri wakati huo. Chama chake, Labour, kilikuwa upinzani. Alikuwa na kile ambacho kila mbunge duniani anacho, nacho ni haki ya kusimama na kuuliza. Na katika masanduku ya kura ya Blackburn, Hola haikuwa na hata karatasi moja.

Hilo ndilo linalofanya maisha yake yafae kusomwa na wapiga kura wetu. Kwetu mbunge hupimwa kwa harambee aliyochangia, basari alizogawa na majeneza aliyonunua. Akiulizia watu wasio wa jimbo lake, ataambiwa amesahau kwao.

Castle alizaliwa mwaka 1910, binti wa mtumishi wa idara ya kodi aliyekuwa msoshalisti wa kupindukia. Alisoma Oxford, akafanya kazi ya uandishi wa habari, na mwaka 1945 akaingia bungeni akiwa mmoja wa wanawake 24 tu. Hata nafasi ya kugombea ilipatikana kwa ugomvi: wanawake wa chama pale Blackburn waliwatishia wanaume kwamba bila jina la mwanamke kwenye orodha ya wagombea, wasitegemee tena kupikiwa chai.

Habari za Kenya zilimvuta mapema. Mwaka 1955, baada ya uchaguzi ambao aliponea chupuchupu kwa tofauti isiyofika kura 500, mwanasiasa mwingine angerudi jimboni kupaka rangi zahanati. Yeye alipanda ndege kwenda Nairobi. Alikuwa akifuatilia kifo cha Kamau Kichina, mfanyakazi aliyetuhumiwa wizi, akapigwa kwa siku kadhaa mikononi mwa polisi mpaka akafa, huku maofisa wa Kizungu waliohusika wakiepuka kutiwa hatiani kwa mauaji. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952 na maelfu ya watu walikuwa kambini bila kushtakiwa. Duncan McPherson, aliyekuwa ofisa mwandamizi wa polisi, alimweleza kwamba hali ya kambi hizo ilikuwa mbaya kuliko aliyoipitia yeye mwenyewe alipokuwa mateka wa Wajapani vitani. Magazeti ya walowezi hayakumpenda mgeni huyu. Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, hakumpenda hata kidogo.

Ila tusimfanye malaika aliyeshuka na taa. Waliozuiliwa walikuwa wakiandika wenyewe. Barua zao zilivushwa kwa siri kutoka kambini, baadhi zikafika London mikononi mwa wabunge wa upinzani kama yeye. Swali la mbunge ni kama mshale, lazima kuwe na aliyechonga. Sifa ya Castle ni kwamba alizisoma barua hizo, akaziamini kuliko taarifa za gavana, na akarudi tena na tena na swali la nyongeza hata wenzake walipochoka.

Kwa Hola, uchunguzi wa vifo ulionyesha kwamba ni kipigo, si maji. Mjadala ukafika bungeni usiku wa Julai 27, 1959, ukaendelea hadi saa za usiku wa manane. Castle alizungumza kwa ukali wake wa kawaida. Kisha akasimama Enoch Powell wa chama cha Conservative, akaishambulia serikali ya chama chake mwenyewe: Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine Afrika. Hakuna waziri aliyejiuzulu usiku ule. Lakini Lennox-Boyd aliondoka wizarani mwaka huohuo, na Januari 1960 hali ya hatari ikaondolewa.

Labour iliposhika serikali mwaka 1964, Castle aliingia barazani. Akiwa Waziri wa Uchukuzi, yeye asiyejua kuendesha gari, alileta mwaka 1967 kipimo cha ulevi barabarani, dada wa kile ambacho madereva wa Nairobi wanakiita alkoblo. Walevi wa Uingereza walimtumia barua za vitisho. Mwaka uliofuata alikaa na washona viti wa kiwanda cha Ford pale Dagenham, wanawake 187 waliogoma kwa sababu kazi yao ilihesabiwa kuwa ya mtu asiye na ujuzi. Hakuwapa kila walichodai, maana walirudi kazini kwa asilimia 92 ya kiwango cha wanaume. Lakini mwaka 1970 aliupitisha bungeni muswada wa malipo sawa ukawa sheria. Baadaye, akiwa Waziri wa Huduma za Jamii, alisimamia sheria ya posho ya watoto iliyolipwa mkononi mwa mama, siyo kwenye mshahara wa baba. Hata mwaka 1969, alipojaribu kuvibana vyama vya wafanyakazi na mpango wake ukavunjwa na wenzake wa barazani akiwamo James Callaghan, walau aligombana waziwazi. Callaghan alipokuwa Waziri Mkuu mwaka 1976, moja ya mambo ya kwanza aliyoyafanya lilikuwa kumfukuza.

Doa lake liko kwingine, nalo linatuhusu. Mapema mwaka 1968 serikali ya Harold Wilson ilipitisha kwa haraka, ndani ya siku chache, sheria ya kuwafungia mlango Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasi za Uingereza. Castle alikuwa katika baraza hilo la mawaziri. Hakujiuzulu. Mwezi Aprili, Powell yuleyule wa Hola akatoa hotuba yake ya chuki dhidi ya wahamiaji. Ndani ya miaka tisa, watetezi wawili wa usiku ule walikuwa wamesimama pabaya kuhusu watu waliotoka nchi ileile. Kiti cha uwaziri kina utamu wake, na mmoja wa utamu huo ni kwamba maswali yanakuwa ya kujibu, siyo ya kuuliza.

Aliwakilisha Blackburn hadi 1979. Alipokaribia miaka 90, macho yakiwa yamefifia, bado alikuwa akiwasumbua viongozi wa chama chake kwa kuwaongezea wastaafu peni 75 tu kwa wiki. Alifariki Mei 2002.

Juni 6, 2013, katika ukumbi uleule wa Bunge la Uingereza, Waziri wa Mambo ya Nje William Hague alisimama kueleza masikitiko ya serikali kwa mateso yaliyofanyika Kenya, akatangaza pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Kesi iliyomsimamisha hapo ilifunguliwa na wazee wachache, akiwamo Wambugu wa Nyingi. Yeye alikuwapo Hola siku ile. Alipigwa akazimia, akalazwa pamoja na maiti 11 akidhaniwa ni ya kumi na mbili.