Kampuni za mlima Moshi zipange upya tovuti zao

Msomaji wa ukurasa huu amezoea kukuta hapa habari za kahawa, mahindi na thamani ya shilingi. Safari hii tunaomba nafasi kwa bidhaa nyingine inayouzwa Moshi bila kupita mnadani, nayo ni safari ya kupanda Mlima Kilimanjaro.

Mnunuzi wa bidhaa hii yuko Ujerumani, Marekani au Australia. Hawezi kuishika wala kuionja, na mara nyingi hutakiwa kutanguliza fedha miezi kadhaa kabla ya kuiona. Anachokiona ni tovuti tu. Kwa kampuni ndogo isiyo na ofisi ng'ambo, tovuti ndiyo duka na ndiyo muuzaji.

Sasa fungua tovuti za kampuni hizo. Nyingi zina picha nzuri, na picha hizo zimegharimu fedha. Lakini menyu huanza na "Kuhusu Sisi", zikafuata salamu za mkurugenzi, dira na dhamira, kisha picha tena. Bei haionekani. Mgeni anaambiwa aandike barua pepe aulize. Huo ni mpangilio wa ofisi, si wa mnunuzi. Hakuna mama wa Mbuyuni anayeficha maharage chini ya meza na kuweka mbele cheti cha usajili wa biashara.

Mnunuzi ana maswali machache: nipande kwa njia ipi, siku ngapi, shilingi au dola ngapi, fedha hiyo inabeba nini, na mwezi gani ni mzuri. Mlima wenyewe umeshatupangia jibu la swali la kwanza. Marangu ndiyo njia yenye mabanda ya kulala, yaani Mandara, Horombo na Kibo, na mgeni hupanda na kushuka humo humo. Machame, Umbwe na Lemosho ni za mahema, na wapandaji wake kwa kawaida hushukia Mweka, njia ambayo haitumiki kupandia. Rongai huanzia kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, na kushukia Marangu. Basi menyu iwe na mlango mmoja ulioandikwa "Njia za kupanda", na ndani yake kila njia ipewe ukurasa wake wenye idadi ya siku, bei, vilivyomo na visivyomo. Mtu asilazimike kurudi mwanzo kila anapotaka kulinganisha Machame na Lemosho.

Mlango mwingine uwe wa wapagazi. Wapo wageni wanaouliza mpagazi analipwa nini na anabeba kilo ngapi kabla hawajauliza kilele, hasa tangu mradi wa KPAP uanze kushughulikia maslahi ya wapagazi hapa Moshi mwaka 2003. Kampuni inayolipa vizuri na kuficha habari hiyo inajinyima soko. Leseni na historia ya kampuni zikae mwisho wa menyu, anayezihitaji atazifuata.

Namna ya kujua mpangilio unaofaa haihitaji kompyuta. Andika jina la kila ukurasa kwenye kikaratasi, vichanganye, kisha mpe mtu asiyefanya kazi kwako avipange mafungu kama anavyoona yeye na kuyapa majina. Rudia kwa watu watano. Pale wanapokubaliana, ndipo menyu ilipo. Pale wanapobishana, jina ulilochagua halieleweki. Kazi hii ni ya asubuhi moja, na inashangaza kwamba wenye mitaji hulipa fundi mamilioni bila kuifanya kwanza.

Kuhusu kuitoa hewani, jambo la kwanza ni umiliki. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la kampuni, si la fundi. Fundi akigombana nawe au akihamia Arusha, anaondoka na mlango wa duka lako. Ada ya mwaka ilipwe mapema. Tarehe yake iandikwe pale ilipoandikwa ya leseni. Aidha, ukibadilisha anwani ya ukurasa, weka maelekezo yatakayompeleka msomaji kwenye anwani mpya, maana viungo vilivyowekwa na watu wengine miaka iliyopita bado vinaleta wateja. Kurasa tupu zenye maneno "inatengenezwa" zisitoke kabisa.

Ijaribu kwa simu ya kawaida yenye mtandao hafifu. TTCL ilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720, Agosti 2022, lakini mteja wako huenda yuko kwenye treni. Na kama fomu yako inadai namba ya pasipoti au habari za afya, kumbuka kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu hata ukiwa na mfanyakazi mmoja.

Anayeona haya ni mapambo aangalie mkataba wake na wakala wa ng'ambo. Wakala huyo anauza mlima uleule, kwa waongozaji walewale wa Marangu na Kibosho, na anabaki na sehemu nono ya bei kwa sababu yeye ndiye aliyejibu maswali ya mgeni. Wakulima wa kahawa wa mteremko huu waliliona jambo la namna hiyo mapema. Walianzisha chama chao mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933, ili wauze kwa pamoja wenyewe.

Wengi hungoja masika ya Aprili ndipo wafikirie tovuti, kwa kuwa mlima umepoa. Wakati huo wageni wengi wa Julai wameshalipa kwingine. Novemba ni bora, na mafundi huenda wakapunguza bei.