Lupus ya mwenzako si kipimo cha yako

Kuna swali ambalo wagonjwa wa lupus huniuliza karibu kila kliniki: "Dokta, mwenzangu tuliyegundulika naye mwaka mmoja yuko kazini na anakunywa kidonge kimoja tu. Mbona mimi figo zimeguswa?" Wengine huenda mbali zaidi. Hupunguza dawa ili wafanane na mwenzao, au humwomba vidonge vyake vya prednisoloni kwa kuwa "ugonjwa ni uleule".

Hoja yangu wiki hii ni kwamba ugonjwa si uleule. Jina ni moja, lakini yanayotokea ndani ya damu hutofautiana kati ya mtu na mtu, na namna tunavyotibu na kutibiwa lazima ifuate ukweli huo.

Lupus hutokea pale mfumo wa kinga, ambao kazi yake ni kupambana na vijidudu, unapoushambulia mwili wenyewe: ngozi, viungo, figo, moyo, mapafu, hata ubongo. Kati ya wagonjwa 10, karibu tisa ni wanawake, na wengi huanza kuugua wakiwa katika umri wa kuzaa. Hauambukizi, na si kurogwa.

Sasa tuje kwenye jeni. Karibu kila seli mwilini ina jeni zilezile, kama nyumba zilizofungwa taa za aina moja. Seli ya ini hutofautiana na ya ngozi kwa sababu ya taa zilizowashwa na zilizozimwa. Leo damu inaweza kupimwa ili kuona jeni zipi zimewaka na kwa nguvu kiasi gani.

Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walifanya hivyo kwa wagonjwa wa lupus. Takriban nusu yao walikutwa na kundi la jeni lililowaka kupita kiasi: zile zinazoamshwa na interferoni, kemikali ambayo mwili huitoa virusi vinapoingia. Mwili ulikuwa vitani na adui hayupo. Hao ndio walioelekea kuwa na ugonjwa mkali zaidi. Waliobaki hawakuwa na alama hiyo, ingawa nao walikuwa na lupus. Mwaka 2016 utafiti mwingine uliofuatilia damu ya wagonjwa 158 waliougua wakiwa watoto uliwagawa katika makundi saba kulingana na jeni zilizopanda ugonjwa ulipopamba moto.

Tofauti hizi zinagusa dawa. Anifrolumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, hufunga mlango ambao interferoni huupitia kuamsha seli. Katika majaribio ya awali, waliofaidika zaidi ni wale ambao jeni zao za interferoni zilikuwa zimewaka sana.

Hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliochunguza seli zaidi ya milioni 1.2 za damu, kutoka kwa wagonjwa 162 na watu 99 wasio na lupus. Ni kazi nzuri, lakini ilihusu watu wenye asili ya Ulaya na Asia. Ilhali hukohuko Marekani, lupus huwapata wanawake weusi mara mbili hadi tatu zaidi ya wazungu, na figo zao huathirika zaidi. Wanaoumia sana ndio wanaochunguzwa kidogo.

Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba lupus ni nadra barani Afrika. Mimi naamini ilikuwa nadra kutambuliwa. Homa, uchovu na maumivu ya viungo huitwa malaria au taifodi. Vitabu vinasema mabaka ya usoni ni mekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huwa ya kahawia iliyokoza au ya zambarau, na mhudumu anayetafuta wekundu hatauona.

Tufanye nini basi? Kipimo cha jeni zilizowaka hakijawa cha kila siku hata katika nchi tajiri, kwa hiyo tusikisubiri. Lakini funzo lake tunaweza kulifuata leo: mpime mgonjwa aliye mbele yako, usitibu jina la ugonjwa. Kijiti cha kupima protini kwenye mkojo na mashine ya presha vinapatikana hata katika hospitali nyingi za wilaya. Figo huharibika kimyakimya, bila maumivu. Mgonjwa wa lupus anayetoka kliniki bila kupimwa mkojo na presha hajahudumiwa ipasavyo, na ana haki ya kuuliza kwa nini.

Nawe mgonjwa, weka daftari la majibu yako na uyalinganishe na yako ya nyuma, si ya jirani. Usiache haidroksiklorokwini kwa sababu umepata nafuu au kwa sababu umesikia ni "dawa ya malaria". Ndiyo nguzo ya matibabu kwa karibu kila mgonjwa, na macho yapimwe kama daktari atakavyopanga. Usikatishe prednisoloni ghafla, maana ni hatari kwa maisha. Ukitaka mtoto, zungumza na daktari kabla ya kushika mimba.

Kwa hospitali zetu na wizara: tuwe na daftari la taifa la wagonjwa wa lupus, na vyuo vyetu vipewe fedha za kuchunguza damu za watu wetu. Nawe ukiombwa kushiriki utafiti ulioidhinishwa, uliza maswali yako yote, kisha fikiria kukubali. Dawa za kesho zitatengenezwa kwa kufuata damu zilizochunguzwa leo, na ya kwetu haipaswi kukosekana.