Kitenzi Kisifundishwe Peke Yake

Mwaka 2017, mapigano yalipojaza Kalemie watu waliohama makwao, nilipata kazi ya muda ya kuandika majina na maelezo yao. Wao walisema Kiswahili, mimi niliandika Kifaransa. Mama mmoja aliniambia: “Tulikimbilia ku Nyunzu, kisha Nyunzu nayo tukaikimbia.” Katika daftari langu la sekondari, kukimbia na kukimbilia vyote viwili vilikuwa na tafsiri moja: fuir. Nikaandika kwamba walikimbia Nyunzu, mara mbili. Aliyepitia karatasi zangu akadhani nimerudia maneno, akafuta sehemu moja. Siku ya kusoma orodha, familia ile iliitwa pamoja na wenyeji wa Nyunzu. Mama alinijia bila hasira: “Mutoto yangu, ku Nyunzu hatuna hata kaburi moja.”

Nimelikumbuka kosa hilo muhula huu, mhadhiri wetu wa isimu alipotuandikia ubaoni vitenzi vya Kihungari. Lugha hiyo huhesabiwa kuwa na viishio vya uhusika takriban 18, vinavyobandikwa mwishoni mwa nomino, na kitenzi ndicho huamua kiishio gani kitumike. Fél, yaani kuogopa, hutaka kiishio -tól au -től, chenye maana ya “kutoka kwa”. Emlékszik, kukumbuka, hutaka -ra au -re, kiishio cha kwenda juu ya kitu. Találkozik, kukutana, hutaka -val au -vel, kama sisi tunavyokutana “na” mtu. Huwezi kubahatisha. Ndiyo maana mwanafunzi wa Kihungari haandiki fél peke yake katika daftari lake. Huandika fél valamitől, kuogopa “kutoka kwa kitu”. Tabia hii ya kitenzi Wahungari huiita vonzat, neno lililotokana na vonz, kuvuta. Kitenzi huvuta nomino kwa kamba yake maalumu.

Darasani wengi walicheka na kushukuru kwamba Kiswahili hakina mzigo huo. Hapo ndipo ninapopinga. Mzigo tunao, tumeubeba begani kwingine. Kwa Mhungari nyumba ni ház: akiingia husema házba, akiwa ndani házban, akitoka házból. Sisi tunaingia nyumbani, tunakaa nyumbani, tunatoka nyumbani. Kiambishi -ni kinasema ni mahali, basi. Habari ya unakotoka au unakokwenda imo katika kitenzi. Aliyehama Moba hayupo tena Moba. Aliyehamia Moba yuko huko. Tofauti ni irabu moja, i, na ndani yake kuna safari nzima ya mtu.

Sasa tazameni kalamu nyekundu za kitivo chetu zinaangukia wapi. Mwanafunzi akiandika “ninatoka ku soko” au “anaingia mu nyumba”, kama tunavyosema hapa mjini, anakatwa alama. Sikatai, Kiswahili sanifu kina sheria zake na sisi tunajifunza kukiandika. Lakini ku yetu na -ni ya sanifu zinafanana kwa jambo moja: hakuna inayosema kama mtu anakwenda au anatoka. Tunasahihisha sana sehemu isiyopoteza mtu, na ile inayompoteza tunaipita. Mwanafunzi huyohuyo, kwa kufuata Kifaransa, huandika “kutii kwa wazazi” au “kukumbuka juu ya rafiki”, na hakuna aliyemwonyesha kwamba kutii na kukumbuka havihitaji daraja: humtii mtu, humkumbuka mtu, na kitenzi chenyewe hubeba kiambishi cha yule mtu.

Wapo watakaoniambia kwamba mtoto wa Kalemie amezaliwa ndani ya Kiswahili, hahitaji kufundishwa kitenzi kinataka nini. Ni kweli, na ushahidi ni yule mama. Yeye hakukosea hata silabi moja. Alisema kukimbilia kwa kwenda na kukimbia kwa kutoka. Aliyekosea ni mimi niliyesoma. Masikio yangu yalijua tofauti, lakini daftari lilikuwa limenizoeza kuitupa kila ninapotafsiri. Nasi katika kitivo hiki tunaandaliwa kuwa walimu na watafsiri, yaani watu wa daftari.

Ninachoomba si somo jipya wala fedha. Kila orodha ya msamiati tunayopewa, na kila orodha tutakayowaandikia wanafunzi wetu, iandike kitenzi pamoja na wenzake. Kuomba kitu, kumwomba mtu kitu, kumwombea mtu. Kumkuta mtu, kukutana na mtu. Katika safu ya Kifaransa nako kihusishi kiandikwe palepale. Wahadhiri wetu, katika mtihani wa tafsiri, mtupe alama kwa kitenzi na wenzake, si kwa kitenzi kitupu.

Laiti daftari langu lingeandikwa hivi: kukimbia mahali, fuir un lieu, unatoka, kukimbilia mahali, se réfugier dans un lieu, unakwenda. Ni mstari mmoja tu. Ungenitosha kumuuliza yule mama swali ambalo sikumuuliza: kabla ya Nyunzu, mlitoka kijiji gani?