Bigarade ni Danzi

Kijana wetu mmoja wa Moshi, anayejifunza upishi katika hoteli ipokeayo wageni wapandao Mlima Kilimanjaro, ametuletea neno alilolikuta katika orodha ya vyakula: bata kwa "bigarade". Jikoni ameambiwa kuwa ni sosi ya machungwa tu. Auliza neno hilo lina maana gani, na je, yafaa aionje sosi hiyo?

Neno ni la Kifaransa, limetoka katika lugha ya Provence, kusini mwa Ufaransa, nalo lina udugu na neno lao la kitu chenye rangi mchanganyiko. Tunda lenyewe si geni kwa Waswahili. Ni danzi: lafanana na chungwa, ila ganda lake lina mparuzo na maji yake ni machungu. Watu wa pwani walilipa jina lake na mti wake, mdanzi. Watoto wetu wa Moshi, waliozoea machungwa matamu ya Muheza, wakipewa danzi hudhani ni chungwa lililoharibika.

Waarabu walilipokea kutoka Uajemi, wakaliita naranj, na Waislamu wakalipanda Andalusia karne nyingi kabla ya chungwa tamu kuenea Ulaya. Naranj ndiyo iliyozaa "orange" ya Wafaransa na Waingereza. Chungwa tamu lilipoenezwa baadaye na Wareno, Waarabu wakaliita burtuqal, kwa jina la Ureno. Basi huko Ulaya tunda chungu ndilo lenye jina, na tamu likalirithi!

Ama sosi, asili yake ni sukari iliyounguzwa, siki, supu ya mifupa ya bata, maji ya danzi na maganda yake yaliyokatwa membamba. Hayo hayana ubaya, maadamu bata amechinjwa kisharia. Lakini wapishi wengi huongeza mvinyo, au pombe kali ya maganda ya machungwa, na jina la sosi halibadiliki. Wasemao kuwa pombe yote huruka motoni wanakosea. Sehemu yake hubaki, na kilichoharamishwa hakihalaliki kwa kuchemshwa. Kwa hiyo asiionje kabla ya kuuliza kilichotiwa chunguni. Kuuliza si utovu wa adabu, hata kwa mwanafunzi.

Akitaka kuipika nyumbani na danzi likakosekana sokoni, achanganye maji ya chungwa na ya limau. Maganda ayachemshe kwanza peke yake, na maji hayo ayamwage.