Ufa wa Mti Hauzibwi kwa Simenti

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya nyumba, na kwa nyumba ni kweli tupu. Balaa huanza inapohamishiwa kwenye mti. Mwembe wa uani ukivunjika tawi kwa upepo wa kusi, shina likabaki na pango, mwenyewe humwita mwashi. Huchanganywa mchanga na simenti, pango likajazwa, juu yake ikapakwa chokaa ili lipendeze. Watu hurudi barazani wakiamini mti umetibiwa. Kumbe umetiwa jiwe kidondani.

Mti si ukuta, wala si mnyama. Ngozi ya binadamu ikikatwa huota nyama mpya pale pale. Ubao wa mti ukijeruhiwa haurudi kuwa mzima abadani. Unachofanya mti ni kulitenga jeraha. Hufunga mishipa ya maji juu na chini ya kidonda, huzuia uozo usipenye ndani wala usitambae pembeni, kisha huota ubao mpya kwa nje, na huo ndio mpaka imara kuliko yote. Alex Shigo, mtaalamu wa idara ya misitu ya Marekani aliyefariki mwaka 2006, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno, akaziona kuta hizo, akazihesabu nne. Basi mti wenyewe ndio unaojenga ukuta. Anayekwangua pango hadi kwenye ubao mzima ili simenti ishike, huubomoa ukuta huo na kumfungulia adui mlango.

Wala ujinga huu si wa pwani peke yake. Mafundi wa Marekani na Ulaya walijaza simenti kwa miongo mingi ya karne ya 20, na kila kidonda wakakipaka lami. Waliacha walipoona kwamba mti huyumba ilhali simenti haiyumbi. Viwili hivyo husuguana, unyevu ukatuama, kuvu ikastawi gizani. Lami nayo haikuzuia uozo. Kukosea walipokosea wengine si aibu. Aibu ni kushikilia kosa baada ya wao kulitubia.

Baya kuliko simenti ni panga. Wapo wanaoukata mti kichwa chote eti uchipue upya. Machipukizi yake hushika juu juu tu, pembeni mwa ubao unaooza, na ndiyo yatakayoangukia bati baadaye. Hapo mti hulaumiwa, ukafyekwa. Tawi zito hukatwa kwa adabu: kwanza kwa chini, mbali kidogo na shina, ili lisichane gome likianguka; kisha kwa juu; mwisho kigutu huondolewa nje kidogo ya ule uvimbe uliopo tawi linapotokea shinani. Uvimbe usiguswe, maana humo imo kinga ya mti. Kigutu nacho kisibakizwe, maana kitaoza. Kidonda kiachwe wazi.

Watasema binadamu wenyewe wanakosa matibabu, seuze miti. Lakini kuacha kosa hakuna gharama; mfuko wa simenti ndio wenye bei. Watasema mti wenye pango ni hatari. Ipo iliyo hatari, na unaoelemea darasa la watoto haungojwi. Ila pango peke yake si hukumu ya kifo. Bomba lina uwazi ndani na husimama. Na mibuyu ya pwani yenye mapango yanayomtosha mtu kuingia imewazika waliotabiri kuanguka kwake.

Malenga wa visiwa nao wana lao la kujibu. Ni hodari wa kuulilia mti uliokwisha kuanguka, lakini hupita kimya mbele ya mti uliopigwa misumari ya matangazo, uliochomewa taka shinani, uliozungushiwa zege hadi mizizi ikakosa pumzi. Marthiya haitibu.

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, na hapakuwa na wa kulaumiwa. Upepo hauna mwenyewe. Panga lina mwenyewe.